Aliyemwosha Qabale

Mwalimu Mukami alikuja kwa Istar akiwa na kaseti tatu ndani ya kiondo, amezizungushia kitambaa kama mtu anayempelekea mkwe mayai. Ulikuwa mwaka wa themanini na tano. Watu wa Isiolo walikuwa bado wanakula unga wa njano wa msaada huku wakiulaani, na vumbi la barabarani lilikuwa halijapata mvua ya kulilaza chini.

"Hodi, Mama Bile. Habari ya hapa?"

"Nzuri, mwalimu. Pita ndani, hilo jua litakupasua kichwa."

Mukami alikuwa Mmeru, msichana mwembamba mwenye sauti ya upole, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu wazima kusoma katika darasa la ngumbaru. Istar hakuwa mwanafunzi wake. Walijuana kwa sababu mwalimu alinunua vitambaa katika duka dogo lililokuwa mbele ya nyumba. Lakini siku hiyo hakuja kununua kitambaa. Alikuja kwa ajili ya redio kaseti. Mtaa mzima ulijua kwamba Mama Bile anayo kubwa ya spika mbili, aliyoleta shemeji yake kutoka Jeddah. Watu wa mtaa ule hawakuwa na mazoea ya kuwaandikia barua ndugu zao wa Uarabuni. Walikaa mbele ya ile mashine wakaongea mpaka upande wa kaseti ukaisha, kisha wakampa msafiri aipeleke. Istar ndiye aliyewabonyezea kitufe chekundu.

"Redio yangu inatafuna kaseti," Mukami alisema. "Naogopa imeharibu hizi. Nakuomba tuzisikilize kidogo tu, nijue kama sauti iko."

"Sauti ya nani?"

"Ya mama mmoja wa mtaa wa Chechelesi. Anaitwa Akuam. Huwezi kuwa unamjua."

"Simjui," Istar alisema, upesi mno, akainuka kwenda kuleta chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Jikoni alishika fremu ya mlango akasimama hapo, maji hajayateleka. Kumjua Akuam? Walikuwa wamelala ukuta kwa ukuta miaka yote ile baada ya vita vya shifta, mji ulipojaa wanajeshi na malori ya Moyale yakawa yanalala Isiolo. Walipanga katika mstari wa vyumba vya mzee Abduba, kule Chechelesi, na walikuwa wakiuza kile walichokuwa nacho. Baadaye Dahir, mwenye lori, alimwoa Istar akamhamishia upande huu wa mji, kwa watu wake, wajukuu wa askari wa zamani wa Mwingereza, watu wa biashara na heshima zao. Waliojua walijua. Walifunika chungu na hakuna aliyekifunua tena. Istar naye tangu siku hiyo hakukanyaga Chechelesi.

Watu walidhani ni aibu iliyomzuia. Mwenyewe alijua ni kitu kingine. Kabla Dahir hajabisha mlango wake, alikuwa akibisha kwa Akuam. Kuta za Abduba zilikuwa za udongo na debe, na Istar alimsikia. Alisikia Dahir akicheka. Akuam alikuwa na ulimi wa kumchekesha hata mfiwa. Na katika nyumba hii nzuri yenye sakafu ya saruji, Dahir alikula akashukuru, akatabasamu, akabeba watoto mabegani, lakini kicheko kile hakukitoa hata siku moja. Lori lilipochelewa kurudi kutoka Marsabit, wake wengine waliwaza majambazi na magurudumu yaliyopasuka. Istar aliwaza mlango wa Akuam.

Alirudi na chai. Mukami alikuwa ameshaweka kaseti kwenye mashine lakini alikuwa hajabonyeza, kwa adabu.

"Mwalimu, na wewe hadithi ya watu kama hao unaitakia nini?"

Mukami alitazama mikono yake. "Mamangu alikuwa na dada. Alikuja huku Isiolo akakaa kwa vyumba kama huyu Akuam, akafa. Nyumbani hakuna mtu anataja jina lake. Hata sijui alikuwa anacheka namna gani. Nikasema, hawa ambao wako, nitawauliza wakiwa bado wako."

Akabonyeza. Mara sebule ya Istar, yenye mazulia na picha ya Makka ukutani, ikajaa sauti ya Akuam. Ilikuwa imekwaruzwa kidogo na tumbaku, lakini ndiyo ile ile, inayotembea na kicheko pembeni kama mbwa wake.

"Sisi tulikuwa wanawake wa vyumba. Watu wanasema malaya. Wewe mwalimu unaogopa kusema. Sema tu, haivunji jino."

Istar alikaza mtandio. Alingoja jina lake. Akuam alisimulia juu ya mwanajeshi aliyelipa ili apate mahali pa kulia, na dereva aliyekuja na shati moja kila mara ashonewe kifungo kile kile. Alisimulia usiku ambao mvua ilibeba choo cha Abduba, wakatoka wawili kuokoa kuku. "Mimi na rafiki mmoja," alisema. Baadaye tena, "mimi na rafiki mmoja." Rafiki huyo hakuwa na jina, hakuwa na kabila, hakuwa hata na kimo. Istar alishusha pumzi. Alikuwa salama.

Kisha Akuam akafika kwa Qabale.

"Qabale alikuwa Mborana wa Gotu, mdogo kwetu wote. Mimba iliharibika, damu ikakataa kusimama. Alikufa asubuhi, watu wakienda sokoni. Mwenye nyumba akasema, toeni hii maiti kabla jua halijapanda. Tukaenda kuita wanaume waje wazike. Walikuwa kwa hoteli wanakunywa chai. Kila mtu akaangalia ndani ya kikombe chake. Basi, mimi nikamwosha. Mimi, kwa hii mikono. Nikararua shuka langu jeupe nikamfunga. Tukamlaza kwa kitanda chake cha kamba, tukainua wanawake wanne, tukapita katikati ya mji mpaka makaburini. Mimi nikiwa mbele."

"Na hakuna mwanamume aliyekuja?" iliuliza sauti ya Mukami ndani ya kaseti.

"Mmoja. Dereva wa lori. Alikuja na jembe akachimba na sisi. Huyo mtu aliniangalia, mwalimu. Aliniangalia vile mwanamume anaangalia mtu ambaye ameona mpaka ndani yake. Sijaangaliwa hivyo tena."

Chai ilimwagikia Istar kwenye paja na hakuisikia.

"Mama Bile! Unalia?"

"Vumbi," alisema Istar. "Sauti iko. Hazijaharibika."

Mukami alifurahi kama mtoto. Saa ya darasa ilikuwa imefika, na njia nzima ilikuwa vumbi, kwa hiyo aliomba kaseti zibaki pale hadi jioni. Istar akamwambia aziache, zitakuwa salama.

Mlango ulipofungwa alirudisha kaseti nyuma akasikiliza tena. Mimi nikamwosha. Akarudisha. Mimi, kwa hii mikono. Mikono gani? Ilikuwa mikono ya Istar! Akuam hakuwa hata Mwislamu, angejuaje kumwosha maiti, aanzie wapi, amgeuze upande gani kwanza? Istar ndiye aliyekuwa binti wa maalim wa dugsi, chuo cha Kurani. Ndiye aliyemwona mama yake akiosha wafu tangu akiwa na meno ya utoto. Shuka jeupe lilikuwa lake, alilolinunua kwa ajili ya harusi ambayo hakuitarajia. Na aliyekuwa mbele, aliyepita mbele ya ile hoteli na kuwatazama wale wanaume mmoja mmoja mpaka wakainamisha vichwa, alikuwa yeye. Katika maisha yake yote hakuwahi kufanya jambo kubwa kuliko lile. Alikuwa amelifukia kwa hiari yake, kweli. Lakini kulifukia ni jambo moja, na kumkuta mtu mwingine amelifukua akalivaa ni jambo jingine kabisa.

Na hata macho ya Dahir! Hata hayo Akuam ameyachukua.

Wivu una namna yake ya kuingia. Hofu ilikuwa imempiga kifuani ikapita. Wivu ulianzia tumboni, ukapanda polepole, ukamjaa kinywa. Istar alirudisha kaseti mpaka pale Akuam anaposema "Basi, mimi", akabonyeza kitufe chekundu.

"Uongo!" alisema. "Huyu mwanamke anasema uongo. Aliyemwosha Qabale ni mimi. Mimi naitwa Istar." Na maneno yakamtoka kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Alisema maji aliyapata wapi na aliyapasha moto kwa kuni za nani. Alisema nywele za Qabale zilikuwa na samli na alisitasita kuziosha kwa kuwa Qabale alikuwa amezisuka jana yake kwa furaha. Alisema dua alizozisoma. Alisema macho ya yule mwenye jembe yalikuwa juu ya nani. Aliongea mpaka mashine ikajizima yenyewe, upande umeisha.

Ndipo alipokumbuka. Alirudisha akasikiliza. Akuam alisema "Basi, mimi", kitu kikalia kak, na kilichofuata kilikuwa sauti yake Istar, nyembamba na kali kama ya muuza maziwa anayegombana. Maneno ya Akuam hayakuwapo tena. Istar alikaa na ile kaseti mkononi. Aliona haya. Lakini chini ya haya, na hili alilijua vizuri, kulikuwa na utamu.

Alijifunika mtandio, akaitia kaseti kifuani, akafunga duka, akashika njia ya Chechelesi.

Akuam alikuwa amekaa kivulini mbele ya chumba, anapima tumbaku kwa kifuniko cha chupa, amezungukwa na wanawake waliokuwa wakicheka mpaka wanafuta machozi. Alikuwa amenenepa. Shanga za shingoni zilikuwa nyingi kuliko zamani. Istar aliposikia kicheko chao roho ilimuuma upya. Nyumbani kwake wanawake walikuja wakaketi kwa adabu, wakamsifia mazulia, wakaondoka.

"Ejok, Istar," Akuam alimsalimu kwa Kiturkana, kana kwamba walikuwa wameachana jana. Kisha akawaambia wenzake, "Nendeni kwanza. Nimepata mgeni."

Walipoondoka Istar hakukaa. "Nimesikia kaseti yako."

"Nzuri?"

"Mwizi wewe! Nani alimwosha Qabale?"

Akuam aliacha kupima tumbaku. "Wewe."

"Shuka la nani?"

"Lako."

"Basi kwa nini unamwambia mtoto wa watu ni wewe?"

"Ulitaka nimwambie ni Mama Bile wa duka la vitambaa?" Akuam aliuliza taratibu. "Una watoto wanasoma. Una wifi na mashemeji. Nilikutoa ndani ya hiyo maneno ili ukae salama. Hata kimo chako sikusema."

"Nani alikutuma unitoe?"

"Wewe mwenyewe! Siku ile sokoni, umetoka tu kuolewa, nilikuita. Nilikuita kwa furaha, nikiwa na ndizi za kukupa. Ukavuta mtandio usoni ukapita kama umeona mzoga. Nikasema sawa. Huyu amekufa kwa upande wetu. Mtu akifa si anarithiwa?"

Istar akatafuta jiwe jingine la kurusha. "Na Dahir? Macho ya Dahir pia umerithi?"

Hapo Akuam akasimama. Uso wake haukuwa na mzaha wowote. "Aliniangalia mimi, Istar. Ukitaka kujua ukweli, aliniangalia mimi kwanza. Nilikuwa nimesimama hapa, yeye ndani ya shimo. Nikajua mwaka hautaisha huyu mtu hajanichukua. Nikaanza hata kukunja nguo. Akaja akakuchukua wewe." Alitema tumbaku pembeni. "Ulipata mume. Ulipata nyumba, lori, watoto, jina. Mimi nilibaki na hadithi. Sasa umetembea mpaka hapa unataka hiyo pia?"

Kuku alipita katikati yao akidonoa. Istar alitoa kaseti kifuani. "Nimeifuta," alisema. "Ile sehemu ya Qabale. Nimeongea juu yake."

Alitegemea matusi. Badala yake Akuam aliuliza, "Ulisema nilichosema mimi pale kaburini?"

"Ulisema nini?"

"Unaona? Wewe ulisoma dua zako vizuri mpaka pale tulipomteremsha. Hapo sauti ikakukatikia. Ukasimama unatetemeka. Mimi ndiye nilisema, Mungu, huyu ni Qabale, mpokee, sisi tumefika mwisho wetu. Sikujua Kiarabu. Hiyo pia ulisema ni yako?"

Istar hakuwa amelisema. Hakuwa hata akilikumbuka, mpaka alipoambiwa; ndipo lilipomrudia lote pamoja na harufu ya udongo. Aliondoka bila kuaga, akirudi kwa njia ya nyuma, akikanyaga takataka za soko bila kuziona.

Lori la Dahir liliingia kabla ya magharibi. Alikuwa ametoka Kipsing kuchukua mbuzi, amejaa vumbi hadi kope. Alioga, akaswali, akaketi mbele ya sinia. Istar hakungoja amalize.

"Dahir. Siku tulipomzika Qabale, wewe ukiwa ndani ya shimo, ulimwangalia nani?"

Tonge lilisimama njiani. Katika ndoa yao jina hilo halikuwahi kutajwa. Jioni hiyo Mukami alikuwa amepita kuchukua kaseti mbili na kuambiwa ya tatu angeipata kesho. Sasa Istar alimweleza mumewe kwamba Akuam anamsimulia mwalimu habari za mazishi yale kwenye kaseti.

"Sikumwangalia mtu," Dahir alisema. "Nilikuwa naangalia shimo. Ardhi ilikuwa ngumu."

"Akuam anasema ulimwangalia."

"Labda macho yalikuwa kwake. Mimi sikuwa."

"Ulikuwa wapi?"

Dahir alinawa mkono ingawa alikuwa hajashiba. "Qabale nilimleta mimi Isiolo," alisema. "Aliomba lifti pale Gotu, anakwenda kumtafuta shangazi yake. Njia nzima alikuwa anaimba kwa Kiborana, akiona twiga anaacha kuimba, twiga akipita anaendelea. Nilitaka kumwoa. Mama alikataa, nami nikasema nitampa mama muda. Nikachukua kazi ya njia ya Mombasa. Niliporudi, shangazi alikuwa amehama, na Qabale alikuwa kwa vyumba vya Abduba. Alikataa kunifungulia mlango. Hakunifungulia hata mara moja."

"Ukaenda kwa Akuam."

"Chumba cha Akuam kilikuwa kinapakana na chake. Nikikaa hapo ningemsikia akikohoa."

Miaka yote hii Istar alikuwa amemlinda mumewe dhidi ya mlango ambao haukuwa na mtu. Alijua namna ya kumwonea wivu Akuam. Alikuwa ameuzoea wivu ule kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Huyu mwingine alikuwa amekufa akiwa msichana. Hangezeeka, hangenenepa, na hakuna mtu angemkuta anapima tumbaku.

"Na mimi?" aliuliza. "Mimi ulinioa kwa nini?"

Dahir alimtazama kwa huruma, na afadhali asingemtazama. "Kwa sababu ulimwosha," alisema. "Mji mzima ulikataa, wewe ukamwosha. Nilisema, mwanamke huyu ndiye nitakula mkononi mwake." Kisha akaongeza, "Ukitaka kwenda kusema katika hizo kaseti, nenda. Jina lako ni lako. Na ukifika kwangu, nisemee jambo moja. Sema nilimpenda, nikachelewa. Nami nataka hilo libaki mahali."

Kesho yake Istar alibeba redio kaseti kichwani, mchana, kila mtu akimwona, akapita na Mukami mbele ya maduka ya watu wa mume wake mpaka Chechelesi. Njiani alimwambia mwalimu kwamba ameharibu ile kaseti, na kwa nini. Mukami aliongeza mwendo, akamtangulia. Alikuwa amekasirika, na hasira yake ilikuwa ya kimya kama yeye mwenyewe.

"Basi mtasema tena," alisema mwishoni. "Wote wawili. Na hakuna mtu atagusa kitufe isipokuwa mimi."

Waliketi chumbani kwa Akuam, mashine katikati. Istar alitaja jina lake na la baba yake, akasema kazi aliyoifanya na mahali alipoifanyia. Paa halikuanguka. Wakasimulia kifo cha Qabale pamoja, wakikatizana kila hatua. Akuam alisema maji yalichotwa bombani, Istar akasema yalinunuliwa. Akuam alisema kitanda kilibebwa na wanne, Istar akasema wa tano alikuwa nyuma akishika mguu uliolegea. "Wewe ulikuwa mbele, ungeonaje nyuma?" Akuam alifoka, na Mukami akaziba mdomo ili kicheko chake kisiingie. Walipofika kaburini Istar alisema, "Hapa sauti ilinikatikia. Huyu ndiye alisema." Na Akuam akayarudia maneno yake kwa Mungu, polepole.

"Na yule mwanamume mwenye jembe?" Mukami aliuliza. "Alikuwa nani?"

Istar aliinua macho akamwona Akuam akingoja. Shingo yake nene ilikuwa imenyooka, mkono umetulia juu ya shanga, na usoni alikuwa na kitu cha usichana. Sentensi moja ingetosha. Angeweza kumwambia: hakukuangalia, hakuniangalia, alikuwa anamwangalia yule tuliyemteremsha. Ingekuwa kweli, ingempokonya Akuam kile alichobaki nacho, na ingempa Dahir alichokiomba. Lakini ingempa Qabale pia. Ingemweka ndani ya kaseti, mahali pa kudumu, mwanamke aliyependwa. Na Istar, aliyemwosha kwa mikono yake, angebaki humo kuwa yule aliyeolewa kwa sababu hiyo.

"Mpita njia," alisema. "Alikuwa na jembe tu. Alituonea huruma."

Akuam alishusha pumzi. Alimtupia Istar jicho la shukrani, kama mtu aliyeachiwa kitu chake alichodhani kitachukuliwa, na walipomaliza alimfungia tumbaku kwenye karatasi, ingawa Istar hakuwahi kuila. Istar aliipokea. Hakumsahihisha.

Jioni Dahir alirudi. Watoto walikuwa uani na taa ya karabai ilikuwa inapigwa pampu. Aliketi, akamega, akauliza bila kuinua kichwa, "Ulisema?"

"Nilisema."

"Lile langu?"

"Nilisema," Istar akarudia.

Dahir alitikisa kichwa polepole. Mabega yake yalishuka kama ya hamali aliyetua gunia, na Istar aliona jinsi yalivyokuwa yamepanda miaka yote hiyo, asijue. Akajiegemeza ukutani. Akaanza kuzungumza. Alisema Qabale alikuwa akiogopa breki za lori, kila zikilia anamshika mkono. Alisema Qabale alikuwa akimcheka yeye, Kiswahili chake. Alisema msichana huyo alimuuliza swali moja kuhusu bahari, kama mtu akisimama kandokando anaweza kuona mwisho, na jibu alilompa lilikuwa la kipumbavu sana. Akalisema hilo jibu. Kisha akacheka, kile kicheko chenyewe, cha upande wa pili wa ukuta, na kikaijaza sebule.

"Endelea," Istar alisema, akammiminia chai, akaketi kumsikiliza.